Pikapu kuukuu: namna ya kuipa injini nguvu bila kuongeza matumizi ya mafuta

Pikapu iliyozeeka ikipungukiwa nguvu, karibu kila mara huwa imeanza pia kula mafuta. Huo ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Mafuta yanaingia kwenye silinda lakini sehemu yake haigeuki kuwa kazi, au kazi inapatikana na kuishia njiani kabla ya kufika kwenye matairi. Ukitibu chanzo, dalili zote mbili hupungua kwa pamoja. Anayeanza kwa kununua ekzosi nene, kuweka jeti (tundu la kupitishia petroli) kubwa kwenye kabureta au kukaza skrubu ya pampu ya dizeli anamimina mafuta zaidi kwenye injini ileile mbovu: gari huchangamka kwa muda, kisha tanki linaisha mapema na moshi unaongezeka.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio wenye uzito kuliko kifaa chochote. Pima, ondoa kinachoshika gari, rudisha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), weka taimingi (wakati wa cheche au wa kuchoma dizeli) sawa, sahihisha mafuta, kisha ndipo ufikirie kuipa injini pumzi zaidi au kubadili vipuri vikubwa. Maelezo haya yanahusu pikapu za petroli zenye kabureta au EFI (mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme) za zamani, na za dizeli zenye pampu ya nozeli isiyotawaliwa na komputa.

Pima kabla ya kugusa chochote

Jaza tanki mpaka pampu ya kituo ijikate, andika kilomita, tembea angalau kilomita 300, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile na gari likiwa limesimama vilevile. Tuseme umetembea kilomita 412 na umeongeza lita 46.3: hiyo ni kilomita 8.9 kwa lita, au lita 11.2 kwa kilomita 100. Fanya hivyo mara tatu na uchukue wastani. Tanki moja halitoshi, kwa sababu upepo, mzigo na foleni vinaweza kubadilisha hesabu kuliko matengenezo yenyewe.

Kama tairi si za saizi ya kiwandani, kilomita za dashibodi si za kweli. Linganisha na GPS ya simu kwa kilomita 20 za barabara iliyonyooka, upate kigezo cha kusahihishia.

Nguvu nayo ipimwe. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari wala watu, tia gia ya tatu, shikilia kilomita 40 kwa saa, kisha kanyaga mafuta mpaka chini huku abiria akihesabu sekunde mpaka 80. Rudia ukielekea upande wa pili, kisha chukua wastani. Siku nyingine ya kupima, mzigo na kiasi cha mafuta kwenye tanki viwe vilevile. Hizo sekunde na zile lita ndizo zitakazokuambia kama kazi uliyofanya ina faida.

Ondoa kinachoshika gari

Hatua hii ina gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Tembea kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, au tumia kipimajoto cha mwanga. Gurudumu lenye joto kuliko la upande wa pili lina breki inayoshika au beringi inayokufa. Lipandishe kwa jeki, liweke juu ya stendi, ulizungushe kwa mkono. Mbele, mara nyingi pini za kalipa zimekauka grisi au pistoni yake ina kutu. Nyuma, angalia waya wa breki ya mkono uliokaza na kirekebishi cha ngoma kilichojaa vumbi. Usiishie kulegeza tu; kalipa yenye kutu itashika tena baada ya siku chache.

Tairi zijazwe upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, asubuhi kabla ya kutembea. Pikapu nyingi zina viwango viwili, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kisha alaimenti: tairi za mbele zinazokula upande mmoja zinaburuzwa, na kuburuza huko kunalipwa kwa mafuta. Kama ni 4x4 yenye habu za kufungwa kwa mkono, hakikisha zimefunguliwa unapotumia barabara ya kawaida.

Klachi ijaribiwe pia. Ukiwa gia ya nne kwenye kilima, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza, na hakuna kazi ya injini itakayosaidia mpaka ibadilishwe.

Kompresheni na tapeti

Hapa ndipo nguvu ya injini kuukuu hupotea bila mtu kuona. Kwa injini ya petroli fanya hivi:

1. Pasha injini moto mpaka joto lake la kawaida, na betri iwe imejaa.
2. Chomoa umeme wa koili, na kama ni EFI kata pia umeme wa pampu ya mafuta.
3. Toa plagi zote kwa pamoja, si moja baada ya nyingine, ili stata izunguke kwa kasi ileile kwa kila silinda.
4. Mwenzako akanyage pedeli ya mafuta hadi chini. Kipepeo cha hewa kikifungwa, geji itasoma chini bila sababu.
5. Piga stata mpaka sindano ya geji iruke mara sita. Andika namba, nenda silinda inayofuata.

Injini nyingi za petroli za zamani zikiwa na afya husoma shinikizo la psi 150 hadi 180. Tofauti kati ya silinda ndiyo muhimu zaidi: ikizidi asilimia 15, kuna tatizo. Kwenye silinda iliyosoma chini, mimina kijiko kidogo cha oili, karibu mililita 5, kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu haifungi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini zote mbili, shuku gasketi ya hedi.

Dizeli inahitaji geji yake, kwa sababu inasoma psi 350 mpaka 450 na geji ya petroli itapasuka. Usimimine oili kwenye silinda ya dizeli kwa kipimo hiki: nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno, oili itapandisha kipimo na kukudanganya, na ikizidi inaweza kupinda koneti rodi.

Kompresheni ikiwa chini, usikimbilie kufungua injini kabla ya kupima tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka inayoikandamiza. Valvu huchimba kiti chake polepole kadiri miaka inavyopita, na nafasi kati yake na roka inabana. Tapeti iliyobana haipigi kelele, hivyo dereva hufurahia injini iliyotulia huku valvu ya ekzosi ikishindwa kufunga sawasawa, ikivujisha mgandamizo na kuungua ukingo wake. Tapeti yenye kelele kidogo haina hatari kubwa kama iliyo kimya kupita kiasi.

Vipimo hutofautiana kwa kila injini. Toyota 22R, kwa mfano, hutaka mm 0.20 upande wa kuingiza hewa na mm 0.30 upande wa ekzosi, injini ikiwa ya moto. Nyingine hupimwa zikiwa baridi, kwa hiyo soma kitabu cha injini yako. Kwa injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, peleka pistoni ya kwanza juu kabisa kwenye mgandamizo, kisha rekebisha valvu zote mbili za silinda ya 1, ya kuingiza ya silinda ya 2 na ya ekzosi ya silinda ya 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, umalizie ya ekzosi ya 2, ya kuingiza ya 3 na zote mbili za 4. Fila geji (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa ukinzani mwepesi, kama kuvuta karatasi kutoka kati ya kurasa za kitabu kizito. Baada ya kukaza nati ya kufungia, pima tena. Kukaza huko mara nyingi hubadilisha nafasi. Kisha rudia kipimo cha kompresheni.

Petroli: umeme na taimingi

Plagi zilizotoka husema mengi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi mno au umeme dhaifu, weusi wenye oili unaonyesha ringi au sili za valvu, na weupe wenye vitone unaonyesha joto kali. Weka plagi za namba ya joto iliyoandikwa kwa injini yako na upime nafasi yake, mm 0.8 ni ya kawaida kwa injini nyingi za aina hii. Waya za plagi zikaguliwe usiku: nyunyiza ukungu wa maji juu yake injini ikiwaka, mikono yako ikiwa mbali. Cheche za bluu zikionekana, umeme unavuja na silinda inamisi, yaani inakosa kuwaka, ikibebeshwa mzigo. Kama distribyuta (kigawa umeme wa plagi) ina pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa koili), safisha au badilisha, weka nafasi ya mm 0.4 hadi 0.45, na ufanye hivyo kabla ya taimingi, kwa sababu nafasi ya pointi huisogeza taimingi.

Sasa kile ambacho mafundi wengi hawakigusi: vizito na kiwambo ndani ya distribyuta. Vizito husogeza taimingi mbele injini inapoongeza mizunguko. Vikishika kwa kutu, injini inakosa nguvu mwendo unapoongezeka. Ondoa kifuniko, shika rota, izungushe kidogo kuelekea upande inakozunguka na uiachie. Irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, fungua, safisha, paka grisi nyepesi. Kiwambo cha vakyumu nacho husogeza taimingi mbele wakati pedeli imekanyagwa kidogo, yaani kwenye mwendo wa kawaida wa safari. Kikitoboka, gari linaendelea kuwaka vizuri na hakuna anayegundua, lakini matumizi ya mafuta barabarani yanapanda. Nyonya mpira wake kwa mdomo na uzibe kwa ulimi: kisiposhikilia mnyonyo, kiwambo kimekufa. Kukibadilisha ni kazi ya dakika 20, na ni miongoni mwa matengenezo machache yanayorudisha mafuta kwa uhakika.

Baada ya hapo washa taa ya taimingi, chomoa na uzibe mpira wa vakyumu, uweke digrii za kiwandani. Unaweza kutafuta nguvu zaidi kwa kusogeza mbele digrii 2 kwa wakati, ukijaribu gari kwenye kilima kwa gia ya juu kuanzia kilomita 40 kwa saa huku umekanyaga mpaka chini. Ukisikia mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, umevuka mpaka; rudisha nyuma digrii 2 na ukaze. Usizidi digrii 4 kutoka kipimo cha kiwandani. Mlio huo ukipuuzwa hutoboa pistoni, na petroli ya okteni ndogo (yenye kinga ndogo dhidi ya mlio huo) huuleta mapema zaidi. EFI yenye komputa inayoendesha taimingi haihitaji mchezo huu. Weka taimingi ya msingi kama kitabu kinavyoelekeza, uiachie.

Petroli: mchanganyiko wa mafuta na hewa

Tafuta kwanza hewa ya wizi, yaani inayopenya kupitia ufa. Geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya injini yenye afya, ikiunguruma bila kukanyagwa, husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki usawa wa bahari. Punguza inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Ikisoma chini na kutulia, ama taimingi imechelewa ama kuna mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi inayovuta hewa. Gundua kwa kupitisha gesi ya jiko isiyowashwa, kwa mpira mwembamba, kando ya kila kiungo, injini ikiwa bado ya baridi na eneo likiwa wazi. Mizunguko ikibadilika ghafla, umefika penye ufa.

Kabureta ifunguliwe, ioshwe kwa dawa yake na ipulizwe kwa hewa ya kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya: tundu likiongezeka kwa mkwaruzo mdogo tu, mchanganyiko unabadilika daima. Pima kimo cha boya, angalia kama sindano yake inafunga, na uhakikishe choki inafunguka kabisa injini ikiwa ya moto. Choki iliyobaki imefunga robo inatosha kukufanya ushangae mafuta yanakwenda wapi. Gari likikaa miinuko ya juu muda wote, jeti za usawa wa bahari zitatoa mafuta mengi kupita kiasi, kwa kuwa hewa huko ni nyepesi. Hapo kupunguza jeti kuu kwa namba moja au mbili huongeza nguvu na kupunguza matumizi kwa mpigo mmoja. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na sehemu hiyo huwezi kuirudisha kwa jeti.

Kwenye EFI, safisha kipepeo cha hewa, na sensa ya hewa uisafishe kwa dawa yake maalumu tu. Sensa ya oksijeni injini ikiwa ya moto na mizunguko 2,500 kwa dakika inapaswa kuyumba kati ya volti 0.1 na 0.9 mara nyingi ndani ya sekunde 10. Iliyolala sehemu moja imechoka, au inaripoti tatizo jingine.

Na themostati, valvu inayotawala joto la maji ya injini. Kuitoa ili injini isichemke ni kosa lililoenea sana, na ni kosa la gharama. Injini inayofanya kazi kwa nyuzi 60 badala ya 85 haivukizi mafuta vizuri, oili yake inabaki nzito, silinda zinalika haraka, na komputa ya EFI inaendelea kuongeza mafuta ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Rudisha themostati ya nyuzi ile ya kiwandani, kwa kawaida 82 au 88. Injini ikichemka nayo, ugonjwa uko kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta au gasketi ya hedi. Shughulikia hicho.

Dizeli: pampu, nozeli na moshi

Kwenye dizeli moshi ndio kipimo chako cha kwanza. Mweusi ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha. Mweupe unaochoma macho injini ikiwa ya moto ni mafuta yasiyowaka, kwa kawaida taimingi iliyochelewa, nozeli inayotiririsha au kompresheni dhaifu. Wa bluu ni oili.

Anza na njia ya mafuta. Mwaga maji kwenye kitenganishi, badilisha filta, kisha unganisha kwa muda kipande cha mpira wa kuonea ndani kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita, kuna mahali panavuta hewa. Mara nyingi ni mpira mkavu, au sili ya pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Hewa hiyo huchelewesha mchomo na kuiba nguvu hata kama gari linawaka kwa urahisi.

Nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia kila kilomita 100,000 hivi. Springi huchoka, shinikizo la kufungukia hushuka, na badala ya ukungu unapata matone. Dizeli za zamani zenye chumba kidogo cha awali hufungua kati ya bar 105 na 150. Zile zinazochoma moja kwa moja juu ya pistoni huanzia karibu bar 180. Zote za injini moja zisawazishwe zisitofautiane, na zirudishwe na washa (pete za kuzibia) mpya za shaba. Washa ya zamani imeshakuwa ngumu. Itavujisha mgandamizo na kuunguza ncha ya nozeli.

Taimingi ya pampu hupimwa kwa dayo geji (geji ya mshale inayosoma sehemu ndogo za milimita) iliyofungwa nyuma ya pampu. Kila injini ina kipimo chake cha mm, na tofauti ya sehemu ndogo ya milimita huonekana kwenye matumizi. Mkanda wa taimingi ukivutika, au ukifungwa ukiwa umeruka jino moja, pampu huchelewa: gari huwa zito kilimani na moshi mweupe huonekana asubuhi. Kwa injini kama Toyota 2L na 3L, mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Tumia nafasi hiyo kupima pampu.

Kuhusu skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu: kwenye dizeli isiyo na turbo, iache kwenye alama yake, au irudishe kama kuna aliyeikaza. Injini ina hewa kiasi maalumu. Mafuta yanayozidi hapo hutoka nyuma kama moshi na kupandisha joto la pistoni. Kama ukikanyaga mpaka chini kwenye kilima moshi mweusi unatanda, rudisha skrubu robo ya robo ya mzunguko kwa wakati, mpaka ubaki ukungu hafifu tu. Wengi hushangaa kuwa nguvu haipungui hata kidogo.

Pumzi: hewa inayoingia na moshi unaotoka

Filta ya hewa iliyoziba kwenye kabureta huzidisha mafuta kwenye mchanganyiko, kwenye dizeli huleta moshi, na kwenye EFI huondoa nguvu zaidi kuliko mafuta. Weka ya karatasi iliyo bora, na uhakikishe boksi linafunga bila upenyo. Filta wazi ya umbo la koni ndani ya boneti inavuta hewa ya moto ya rejeta: hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, na nguvu hupungua vivyo hivyo. Kilicho na faida ni bomba linalochukua hewa kutoka ndani ya bawa (bati la juu ya gurudumu la mbele) au mbele ya rejeta, lisilokunjwa, na lililowekwa mahali ambapo maji ya barabarani hayafiki.

Kabla ya kubadilisha ekzosi, pima kama iliyopo imeziba. Funga geji ndogo ya shinikizo kwenye tundu la sensa ya oksijeni: isizidi psi 1.5 injini ikiunguruma, wala psi 3 kwa mizunguko 2,500. Ikizidi, tafuta sailensa iliyoporomoka ndani, bomba lililobonyezwa na jiwe, au kichujio cha moshi kilichoyeyuka. Kichujio hicho kibadilishwe, kisitolewe. Kizima hakibani injini ya kawaida, na sehemu nyingi sheria inakitaka.

Ukiamua kuweka bomba jipya, injini ya lita 2 hadi 2.4 isiyo na turbo inatosheka na inchi 2 hadi 2¼. Bomba nene kupita hapo hupunguza kasi ya moshi, na pikapu hupoteza mvuto wa chini, ule unaouhitaji ukiwa na mzigo. Utalazimika kukanyaga zaidi, na faida yote ya mafuta inatoweka. Kona zikunjwe kwa mashine isiyominya bomba. Manifoldi ya mabomba marefu ya muundo wa 4-2-1 (manne yanayoungana kuwa mawili, kisha moja) ndiyo inayofaa gari la kazi.

Oili, feni na uwiano wa difu

Oili nzito kuliko ilivyoelekezwa, kama 20W-50 kwenye injini iliyoundwa kwa 10W-30, hula nguvu kila sekunde. Itumie nzito pale tu ringi zimechoka na hujawa tayari kufungua injini. Feni yenye klachi ya mafuta inapaswa kuzunguka kwa wepesi injini ikiwa baridi na kukaza ikipata moto. Iliyoshika daima inasukuma hewa bila sababu na inakula nguvu, hasa mizunguko ikiwa mingi.

Matairi makubwa yana hesabu yake. Ukitoka kipenyo cha sm 70 kwenda sm 77, umeongeza asilimia 10, na nguvu ya kuvuta inayofika barabarani imepungua kwa karibu asilimia 9 katika kila gia. Difu ya 4.10 ingehitaji kuwa 4.51 kurudisha hali. Iliyo karibu ni 4.56. Kama huna sababu ya kazi ya kubaki na tairi hizo, kurudi kwenye saizi ya kiwandani huleta nguvu zaidi kuliko kifaa chochote cha bei hiyo. Kwenye 4x4 difu zote mbili zibadilishwe pamoja, vinginevyo utavunja giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Mlango wa nyuma wa bodi ubaki umefungwa. Ukifungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na upepo hupita juu yake, kuushusha hakusaidii. Keria ya juu isiyo na kazi iondolewe.

Injini ikifunguliwa, na turbo

Ikiwa kipimo kimeonyesha ringi au valvu zimekwisha, ovahoo ndiyo nafasi ya kupata nguvu ya kweli bila kuongeza mafuta. Kwenye petroli, kupandisha uwiano wa kompresheni kutoka 8.5 hadi 9.5 huongeza ufanisi kwa takriban asilimia 3, nguvu na uchumi kwa pamoja, mradi unapata petroli ya okteni inayofaa. Fundi wa mashine asichonge hedi bila kupima nafasi kati ya valvu na pistoni, na akumbuke kuwa hedi iliyopunguzwa huchelewesha kemshafti (shafti inayofungua valvu) kidogo kwenye injini yenye kemshafti juu. Viti vya valvu vikatwe kwa pembe tatu. Kemshafti iwe ya mvuto wa chini. Ile ya mashindano haifai gari linalobeba mzigo.

Turbo kwenye dizeli kuukuu ni jambo linalowezekana, kwa masharti. Kompresheni iwe nzuri na silinda zote zilingane, rejeta iwe safi, na shinikizo lisizidi bar 0.5 kwenye injini ambayo haikuundwa nayo. Anza bila kugusa skrubu ya mafuta: hewa iliyoongezeka peke yake huchoma kile kilichokuwa moshi. Kisha funga geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo, na mafuta yaongezwe kidogo kidogo mradi joto lisipite nyuzi 700 kwenye kilima kirefu ukiwa na mzigo. Bomba la oili la kurudi kutoka kwenye turbo literemke moja kwa moja bila kukunja, la sivyo oili itapita kwenye sili na moshi wa bluu utaanza. Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti za manifoldi, badilisha oili na filta, kisha rudia vile vipimo vya mwanzo: tanki tatu na zile sekunde za gia ya tatu.

Sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta, feni ndogo za kuzungusha hewa na vidonge vya tanki viache dukani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo bila kupata kinachookoa mafuta kwa kiasi cha maana. Fedha hiyo inatosha kununua kiwambo cha distribyuta na seti ya washa za nozeli.